Fundi wa Kukataa Jiwe

Kijana akitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na jiwe mkononi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, neno analolisubiri ni moja: "Ipo." Wa kumwambia hivyo hawakosekani. Wapo wenzake aliokesha nao chini, yupo mwenye duara aliyekopa hela ya matimba na dizeli, na wapo wapita njia ambao shangwe haiwagharimu kitu. Wa kusikilizwa ni yule mwingine, anayelipokea jiwe bila haraka, analilowesha kwa maji ya kidumu, analigeuza juani, analigonga kwa nyundo lipasuke aone ndani, halafu analitupa.

Huyo ndiye fundi ninayetaka kumsifu. Hana cheti ukutani. Hana leseni, hanunui dhahabu, na pengine wiki iliyopita alikuwa akizungusha winchi pamoja na vijana. Wenzake wamekubali kwamba anaujua mwamba, basi. Na katika kuujua mwamba, sehemu kubwa ya kazi ni kukataa. Anakataa jiwe jeupe linalopendeza, anakataa kinachong'aa, anakataa sampuli iliyochaguliwa na mwenye tamaa, na siku nyingine anakataa hata kushuka shimoni.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na wengi wanaujua kwa pamba na ng'ombe. Ukiwa Binza, upande wa Maswa, si rahisi kudhani kwamba umezungukwa na madini. Lakini kusini yako iko Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940. Kaskazini, ukishaupita mji wa Bariadi kuelekea ziwani, kuna vilima vya Dutwa na Ngasamo vyenye nikeli, na katika wilaya za Bariadi na Busega kuna machimbo ya dhahabu ambayo hujaa watu habari za mwamba mpya zinapoenea, kisha yakabaki na wachache. Almasi ya Mwadui ilirushwa juu na volkano takriban miaka milioni 50 iliyopita, kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150. Dhahabu ya huku ni kongwe kuliko mlipuko huo kwa mbali sana, tena haikurushwa na kitu. Ililetwa na maji.

Miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, iwe Geita, Bulyanhulu au Tarime, imekaa ndani ya mabaki ya volkano na matope ya baharini yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Ardhi ya wakati ule ilipobanwa na kukunjwa, mawe yaliyozikwa kilomita nyingi chini yalipashwa moto hadi maji yaliyofungwa ndani ya madini yake yakatoka. Yalikuwa maji ya nyuzi 250 hadi 400, lakini hayakuchemka kwa sababu uzito wa mwamba uliyabana. Ndani yake mlikuwa na hewa ya ukaa, salfa, silika iliyoyeyuka, na dhahabu kidogo mno. Dhahabu haipendi kuyeyuka. Bibi hufua nguo miaka 50 na pete yake kidoleni, na haipungui kwa maji. Kilichoiwezesha kusafiri ni salfa. Katika maji ya moto wa namna ile, dhahabu hushikana na salfa, na zikishikana husafiri pamoja.

Njia ya maji hayo ilikuwa nyufa. Fikiria sufuria ya maharage yenye kifuniko kizito. Mvuke unajikusanya, kifuniko kinanyanyuka, mvuke unatoka, kifuniko kinarudi mahali pake, na mambo yanaanza upya. Ufa mkubwa wa ardhini ulikwenda hivyo, ila kifuniko chake kilikuwa mwamba, na kila kiliponyanyuka lilikuwa tetemeko. Richard Sibson na wenzake waliueleza mwendo huo mwaka 1988. Ufa ukifunguka, mgandamizo hushuka ghafla, silika inashindwa kubaki ndani ya maji, inaganda kwenye kuta. Hapo linazaliwa lile jiwe jeupe gumu, kwatsi. Ufa ukiziba, maji hujikusanya tena chini yake. Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley, watafiti wa Australia, walionyesha kwa hesabu kwamba tetemeko linaweza kushusha mgandamizo kiasi kwamba maji yanageuka mvuke kwa mara moja, na kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kikaachwa papo hapo. Utando unaobaki ni mwembamba. Mwamba unaozidi upana wa mkono ni kazi ya matetemeko mengi yaliyofuatana.

Fundi wetu hajawahi kumsikia Sibson. Anachojua ni kwamba jiwe lililo jeupe tupu, lisilo na doa wala mstari, litapendeza kwenye bustani ya mwalimu, basi. Anachotafuta ni jiwe lenye mistari myeusi myembamba inayokwenda sambamba ndani ya weupe. Mistari hiyo ni vipande vya ukuta vilivyobanduka kila ufa ulipofunguka upya. Mahali penye mistari mingi, maji yamerudi mara nyingi, na kila yaliporudi yalikuja na mzigo wake. Vijana machimboni wanazijua alama hizi kwa kuambiwa. Yeye anazijua kwa kuyapasua mawe mengi na kuyaosha, ndiyo maana hukumu yake haiyumbi mtu akipaza sauti.

Alama ya pili ni kutu. Ukuta wa ufa ukiwa na chuma kingi, salfa iliyokuwa imeibeba dhahabu huiacha na kukimbilia chuma, ikatengeneza pairaiti, yale madini ya manjano yanayometa. Dhahabu ikikosa wa kuibeba hudondoka hapo hapo. Kwa hiyo mali mara nyingi haiko katikati ya weupe, iko pembeni, pale jiwe jeupe linapogusana na jiwe jeusi. Hata huko Geita dhahabu imefungamana sana na mawe yenye matabaka ya chuma. Baadaye, miaka mingi baadaye, mvua na hewa vikafika kwenye pairaiti iliyo karibu na uso wa ardhi vikaiozesha. Kilichobaki ni vishimo vidogo vya pembe nne ndani ya jiwe, vimejaa kutu ya kahawia, na pengine punje ya dhahabu iliyokataa kuoza pamoja na mwenzake. Fundi akiona vishimo hivyo anatulia. Anachokonoa kimoja kwa ncha ya msumari, anauweka unga wake kiganjani, anaupulizia.

Halafu ndipo anaomba kinu.

Kazi ya kuosha sampuli nimeitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na bado sijaichoka. Jiwe linatwangwa kwenye kinu cha chuma hadi liwe unga, kwa sababu punje iliyofungwa ndani ya chenga haiwezi kuonekana. Unga unaingia kwenye karai na maji. Kwanza anauvuruga kwa vidole, maji yanakuwa matope, anayamwaga. Anarudia hadi maji yabaki meupe. Kabla ya hapo amelisugua karai kwa sabuni na kunawa mikono, maana mafuta kidogo tu yakiwa juu ya maji, vumbi la dhahabu huelea na kwenda zake. Kisha anaanza kulitikisa kushoto na kulia, kwa kasi lakini bila nguvu, vizito vishuke chini. Analiinamisha, anaruhusu maji yachukue mchanga mwepesi kwenye ukingo, analisimamisha, anatikisa tena. Mabega hayachezi kabisa. Kazi yote iko kwenye vifundo vya mikono.

Uzito ndio unaofanya hesabu. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, kwatsi mara 2.65. Punje ya dhahabu ni nzito mara 7 kuliko punje ya kwatsi iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Lakini ndani ya maji kila punje hupunguziwa uzito wa maji iliyoyasukuma, na ukipiga hesabu upya tofauti inapanda hadi mara 11. Ndiyo maana kazi hii haifanywi pakavu ikiwa maji ya kutosha yapo. Mikono ya fundi inaishi ndani ya tofauti hiyo bila kuitaja.

Mwisho linabaki fumba la mchanga mweusi. Anaongeza maji kidogo, anazungusha karai polepole na kugonga ukingo kwa kidole gumba. Mchanga mweusi unatangulia, na nyuma yake, kama mali ipo, unabaki mkia mwembamba wa manjano usiotaka kusogea. Urefu wa mkia ndio kipimo. Wengine husema sentimita ngapi, wengine hulinganisha na ukucha. Yeye husema tu, "Hii inalipa karasha," au, "Hii hailipi karasha," yaani gharama ya mashine ya kusaga mawe, na kwa mwenye duara habari hiyo inatosha.

Kuna pia vinavyodanganya. Ulanga unang'aa sana lakini unayumba ndani ya maji na kutangulia na mchanga. Pairaiti ni nzito kuliko kwatsi, hivyo inaweza kubaki nyuma na kumtia mgeni wazimu. Fundi anatia karai kivulini kwa kofia yake. Ulanga na pairaiti humeta vikigeuzwa juani na hufifia kivulini. Dhahabu hubaki na rangi ileile juani na kivulini. Akibaki na shaka, anabonyeza punje kwa ncha ya kisu. Pairaiti hupasuka ikawa unga mweusi. Dhahabu, kwa ulaini wake, hubonyea.

Jambo ninalolithamini zaidi, hata kuliko ile mikono, hufanyika kabla ya karai. Kijana akileta jiwe moja zuri, fundi hataki kuliosha. Atampokea salamu, "Marahaba, mwanangu," na kumrudisha akalete mengine: kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kwa mstari, mabaya kwa mazuri, kila kipande kwa kiasi sawa. Jiwe lililochaguliwa na mwenye hamu linajibu swali la mwenye hamu. Mwenye duara anataka kujua kiroba kizima kina nini, na kiroba hujazwa kwa koleo, hakichagui. Maabara kubwa nazo zinalijua tatizo hili. Kipimo cha kuyeyusha kwa moto kinachotumiwa na migodi hupima gramu 30 au 50 tu za unga, na dhahabu ikiwa ya punje punje, sampuli mbili za mwamba uleule zinaweza kutoa majibu yasiyofanana kabisa. Dawa ni ileile ya mzee, yaani kuchukua nyingi, kutoka sehemu nyingi, bila upendeleo.

Na kiasi chenyewe ni kidogo. Katika jiwe la kawaida la ardhi hii kuna dhahabu ya miligramu chache tu kwa tani. Mwamba wenye gramu 5 kwa tani, ambao mtu angeusimulia kwa furaha, umekusanywa na maji zaidi ya mara 1,000, na bado katika tani hiyo kuna mawe matupu kilo 999 na ushee. Anayedhani kazi ni kuokota hajaielewa. Kazi ni kuondoa.

Maji ya namna hii hayakuishia kwenye dhahabu. Mashariki yetu, ng'ambo ya Serengeti na Ngorongoro, jiwe la zumaridi lililogunduliwa karibu na Ziwa Manyara lilizaliwa pale pegmataiti yenye beriliamu ilipokutana na mwamba mweusi wenye kromiamu, na vimiminika vya moto vikapitisha kimoja kwa kingine. Mawe hayo mawili yana asili tofauti kabisa na kwa kawaida hayachangamani. Bila mkutano huo rangi ile ya kijani isingekuwepo. Tanzanite ya Mererani, iliyojulikana duniani tangu 1967, ilikua ndani ya nyufa za miamba yenye kinywe takriban miaka milioni 585 iliyopita, na buluu yake inatokana na chembe za vanadiamu. Mawe yake mengi huchimbwa yakiwa ya kahawia, yakapashwa moto wa nyuzi kama 500 ndipo yakawa ya buluu. Maji yalianza kazi, fundi wa Arusha akaimaliza kwenye tanuru.

Wanaopima vito wana kukataa kwao pia. Huweka jiwe chini ya lenzi wakatafuta vifuko vidogo vya kimiminika vilivyonaswa jiwe lilipokuwa likikua. Mnunuzi wa kawaida huviita uchafu. Kwa mwanajiolojia ndivyo vyenye thamani. Hukata ubao mwembamba wa jiwe, akauweka chini ya hadubini, akaupasha moto taratibu huku akikodolea macho kipovu kimoja kinachotetemeka ndani ya kifuko. Kwa kawaida kuna kiwango cha joto ambacho kipovu hicho hutoweka. Kwa kukisoma kiwango hicho, na kukisahihisha kwa mgandamizo, anajua maji yalikuwa na joto gani siku yalipofungiwa. Hayo ndiyo yaliyotupa zile nyuzi 250 hadi 400. Na hata weupe wa kwatsi unatoka humo. Kwatsi safi haina rangi, ni angavu. Inayoonekana nyeupe imejaa vifuko hivyo kwa mamilioni, na mwanga unatawanyika ndani yake. Jiwe analolitupa fundi wetu limejaa maji ya kale. Dhahabu tu ndiyo haikuachwa humo.

Nisimpake fundi wangu mafuta. Karai lina mwisho wake. Duara likishafika kina ambacho mvua na hewa havijafika, jiwe linabadilika kutoka kahawia laini kuwa jeusi gumu, pairaiti haijaoza, na sehemu ya dhahabu imefungwa ndani yake kwa chembe zisizoonekana. Hapo mkia kwenye karai unafupika ingawa mali ipo, na mzee anaweza kukataa mwamba ambao maabara ingeupokea. Zebaki nayo haifanyi muujiza. Wanaochenjua kwa zebaki mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, wakavuta mvuke wake kwa faida hiyo ndogo, na marudio yao, yaani mchanga uliobaki, hununuliwa na wenye matangi ya sianidi, ambao ndio huvuna kilichobaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mialoni, wanakoosha dhahabu, zebaki bado inashikwa kwa mikono mitupu, na kwa hilo siwezi kumsifu mtu.

Lakini kuna kukataa kwingine ambako maabara haikujui. Mwamba umekaa ndani ya ufa, na hilo watu hulisahau wakishaiona rangi. Kuta zake zilishapondwa na matetemeko yaleyale yaliyouleta, na sehemu nyingi maji ya moto yalizilainisha zikawa udongo unaoteleza zikilowa. Mchimbaji akiufuata mwamba, maana yake anachimba kwenye jeraha la ardhi. Januari 2024, mvua zikiwa zimenyesha sana, kifusi kiliporomoka kwenye machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi na kuua watu 22. Walikuwa wameingia eneo lililokuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua. Fundi anayeujua mwamba anagonga ukuta kwa nyundo kabla hajashuka na kusikiliza. Ukuta mzima unalia, uliooza unanyamaza. Anaangalia kama maji yanayochuruzika yamebadilika rangi. Akisema leo hapana, vijana hununa, na mwenye duara anahesabu siku ya dizeli iliyopotea.

Hapo ndipo nina ugomvi na utaratibu wetu. Malipo ya machimboni ni mgawo wa viroba. Mwenye leseni ana vyake, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao. Mtu aliyesema "ipo" naye hukumbukwa siku ya mgawo. Aliyesema "haipo", akaokoa ng'ombe 5 wa mtu wasiuzwe kwa ajili ya shimo tupu, haandikwi popote. Serikali ilifungua masoko ya madini mwaka 2019 na kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya zuio ya asilimia 5 pamoja na VAT ya asilimia 18, na kuuza kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Yote hayo humsaidia aliyekwisha kupata. Kwa anayetaka kujua kabla hajachimba, maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na karai la mzee liko hapo chini ya mti.

Basi wewe unayeishi Binza, au Dodoma, au popote simu ya shemeji ilipokufikia kukuambia kuna duara linahitaji mtaji kidogo tu, omba mawe kwanza: kutoka ukuta hadi ukuta, mabaya kwa mazuri. Mpelekee fundi. Na akikujibu kwamba hakuna kitu, mlipe.